Mifuko 12 ya sembe: namna ya kukadiria wastani na kupima dai la uzito

Julai iliyopita mama mmoja mwenye duka hapa Makambako alikuja mashineni kwetu na mfuko mmoja wa sembe. Hakupiga kelele. Aliuweka mezani, akasema, "Shikamoo mwalimu. Huu umeandikwa kilo 5. Nimeupima dukani mara mbili, haufiki." Nikaitikia, nikaupima mbele yake kwenye mzani wa ukaguzi, ule tunaouhakiki kwa mawe yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Tulipotoa uzito wa mfuko mtupu, unga ulikuwa gramu 4,955.

Nilimpa mfuko mwingine, nikamwomba radhi. Lakini usiku ule usingizi haukuja mapema. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka 26 kabla ya kustaafu na kuja kusimamia mashine hii ya familia. Tunafunga mifuko kama 400 kwa siku. Je, ule mmoja ulitokea tu, au kila anayenunua sembe yetu anapunjwa?

Ninaeleza hapa nilivyolitafutia jibu swali hilo, kwa tarakimu zenyewe. Ukiwa na mzani, daftari na kikokotoo cha simu unaweza kufanya vivyo hivyo kwa asali ya chupa, kwa maziwa, kwa saruji, kwa chochote kinachouzwa kwa kipimo.

Maswali ni mawili

Wastani wa mifuko yote 400 ya siku moja upo. Ni namba moja, halisi, ila hakuna anayeijua mpaka aipime yote. Namba ya namna hiyo, inayohusu kundi zima, huitwa parameta. Ninachoweza kukipata mimi ni sampuli, yaani mifuko michache iliyochaguliwa, na kutokana nayo nipate kadirio.

Basi swali la kwanza ni hili: wastani ni kama ngapi, na kadirio langu linaweza kuwa limekosea kwa kiasi gani? Huko ndiko kukadiria. Swali la pili: dai tulilolichapisha wenyewe kwenye mfuko, kilo 5, linasimama mbele ya ushahidi? Huko ni kupima nadharia tete, yaani dai linalosubiri ushahidi. Wengi hulikimbilia la pili na kuliacha la kwanza. Kwa maoni yangu wanaacha sehemu yenye faida zaidi, na nitaonyesha kwa nini.

Andika kwanza, pima baadaye

Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pengine popote. Kabla sijagusa mzani, nilifungua ukurasa mpya wa daftari nikaandika mambo manne.

Moja, ninachokitafuta: wastani wa uzito wa unga katika mifuko ya kilo 5 itakayofungwa Jumatano. Mbili, nadharia tete sifuri, yaani dai linaloachwa lisimame mpaka ushahidi ulikatae: wastani huo ni gramu 5,000, kama tunavyodai. Na mbadala wake: wastani uko chini ya 5,000. Niliandika "chini ya" badala ya "tofauti na" kwa kuwa lalamiko lilikuwa la kupunjwa, na ndilo nililotaka kulipima. Tatu, idadi ya mifuko nitakayopima: 12. Nne, kiwango cha kukataa: 0.05.

Hiyo 0.05 maana yake ni kwamba, kama kweli wastani ni 5,000, nimeridhia nafasi 5 katika 100 za kuikataa nadharia tete sifuri kimakosa. Hilo huitwa kosa la aina ya kwanza. Kosa la aina ya pili ni kuiacha isimame ilhali si kweli. Jerzy Neyman na Egon Pearson ndio waliotenganisha makosa hayo mawili waziwazi, katika maandishi yao ya miaka ya 1928 hadi 1933. Kwa lugha ya mashineni, kosa la kwanza ni kusimamisha kazi nusu siku kutafuta ubovu usiokuwepo. La pili ni kuendelea kuwapunja watu huku daftari likisema mambo ni shwari. Hakuna fomula itakayokuambia lipi ni zito zaidi. Mimi niliona la pili ni zito, kwa hiyo sikutaka kiwango kikali kama 0.01, ambacho kingenifanya nione upungufu pale tu unapokuwa mkubwa. Ronald Fisher aliizoesha dunia 0.05 tangu mwaka 1925, lakini si amri ya mtu yeyote. Unaweza kuchagua nyingine, ili mradi uichague kabla ya kupima.

Kuchagua mifuko

Kijana wetu wa kufungasha alitaka kunirahisishia. Alinibebea mifuko 12 ya mbele, iliyo karibu na mlango. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hiyo yote ni ya asubuhi." Ingeniambia habari za asubuhi tu, wakati mtu anachoka mchana, na mzani nao una mambo yake kadiri siku inavyosonga.

Tulifanya hivi. Kila mfuko uliofungwa Jumatano uliandikwa namba kwa maka peni, 1 hadi 400. Tukakata vipande 400 vya karatasi vyenye namba hizo, tukavitia kwenye ndoo, tukavichanganya vizuri. Nikamwita binti anayetuuzia chai achomoe 12 bila kutazama. Kila mfuko ulikuwa na nafasi sawa na mwenzake ya kuchaguliwa, na hesabu zote zinazofuata zimesimama juu ya jambo hilo.

Mfuko wa yule mama sikuuingiza. Najua inashangaza, maana ndio ulioanzisha yote. Lakini ulikuja kwetu kwa sababu ulikuwa pungufu. Mifuko iliyotimia haikuletwa na mtu. Ukichanganya ushahidi uliochaguliwa kwa kasoro yake na ushahidi wa kura, umeshaamua jibu kabla ya kuhesabu.

Kuna kosa jingine ambalo kura haiwezi kuliponya. Tulipima mifuko mitupu 10 kwa pamoja, ikawa gramu 300, kwa hiyo mmoja ni gramu 30. Ningesahau kuzitoa, kila kipimo kingezidi kwa gramu 30, na hata nikipima mifuko 4,000 zingebaki pale pale. Sampuli kubwa hupunguza kuyumba kwa kadirio. Haisahihishi kipimo kilichopinda.

Hesabu yenyewe

Uzito wa unga, kwa gramu, mfuko mtupu ukiwa umeshatolewa:

4,980, 5,010, 4,965, 4,990, 5,005, 4,970, 4,985, 4,995, 4,960, 5,015, 4,975, 4,970.

Jumla ni 59,820. Gawa kwa 12, wastani ni 4,985. Hilo ndilo kadirio la nukta moja: upungufu wa gramu 15.

Ukiishia hapo umefanya nusu ya kazi. Tazama jinsi mifuko inavyotofautiana, kutoka 4,960 hadi 5,015. Nani aseme kwamba kura nyingine isingetoa 5,002? Ili kujua wastani unaweza kuyumba kiasi gani, lazima kwanza tujue mifuko yenyewe imetawanyika kiasi gani.

Chukua kila mfuko, toa 4,985. Utapata −5, 25, −20, 5, 20, −15, 0, 10, −25, 30, −10, −15. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha: 25 + 625 + 400 + 25 + 400 + 225 + 0 + 100 + 625 + 900 + 100 + 225 = 3,650. Sasa gawa kwa 11, si kwa 12.

Wanafunzi wangu waliniuliza kila mwaka, kwa nini 11? Jumlisha zile tofauti 12 bila kuzizidisha: utapata sifuri. Ni lazima iwe sifuri, kwa sababu tumezipima kutoka kwenye wastani wao wenyewe. Kwa hiyo nikikutajia tofauti 11, ya 12 unaijua bila kuambiwa. Haina uhuru wa kuwa kitu kingine. Taarifa huru kuhusu mtawanyiko ni 11 tu, nazo huitwa digrii za uhuru. Ukigawa kwa 12 utaona mtawanyiko ni mdogo kuliko ulivyo.

3,650 ÷ 11 ni 331.8. Kipeuo chake cha pili ni 18.2. Hizo gramu 18.2 ni mkengeuko sanifu: ndivyo mfuko mmoja unavyopishana na wastani, kwa kawaida.

Halafu kuna namba ya pili ambayo watu huichanganya na hiyo. Gawa 18.2 kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni 3.46. Unapata 5.26. Hilo ni kosa sanifu la wastani. Neno "kosa" hapa halina lawama kwa mtu. Ni kiasi ambacho wastani wa mifuko 12 ungepanda na kushuka kama tungerudia kura tena na tena. Mfuko mmoja hupishana kwa gramu 18, wastani wa 12 hupishana kwa gramu 5, kwa kuwa ndani ya 12 waliozidi na waliopungua hufidiana. Mtu akikuletea ripoti yenye "±" bila kusema ni ipi kati ya hizi mbili, mrudishie akaandike.

Kulipatia kadirio upana wake

Mwaka 1908 mwanakemia wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, William Sealy Gosset, alichapisha makala kwa jina la kificho, "Student". Shida yake ilikuwa kama yangu. Alikuwa na vipimo vichache tu vya malighafi zake, si maelfu, na mbinu za wakati ule zilikuwa za sampuli kubwa. Alionyesha kwamba unapokadiria hata mtawanyiko wenyewe kutoka kwenye vipimo vichache, unapaswa kuongeza tahadhari, na akaonyesha kiasi gani. Jedwali la t lililo nyuma ya vitabu vya takwimu limetokana na kazi hiyo. Nampenda mtu huyu kwa sababu alianza na gunia mbele yake, si na nadharia.

Kwa sampuli kubwa ungezidisha kosa sanifu kwa 1.96. Kwa mifuko 12, digrii za uhuru 11, jedwali linasema 2.201. Zidisha: 2.201 × 5.26 = 11.6. Toa na ujumlishe kwenye 4,985. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni kutoka gramu 4,973 hadi 4,997.

Hiyo asilimia 95 ni ya nini? Nilipokuwa nafundisha nilikuwa na vipande 200 vya karatasi vyenye uzito wa mifuko, na wastani wake wa kweli niliujua mimi peke yangu. Kila mwanafunzi alichomoa 12, akapiga hesabu kama hii, akarudisha, kisha akachora masafa yake kama mstari kwenye karatasi ya manila ukutani. Mwaka mmoja darasa lilikuwa na wanafunzi 40. Nilipochora wastani wa kweli kwa rangi nyekundu, mistari 37 iliugusa na mitatu haikuugusa. Wale watatu hawakukosea hesabu hata nukta; kura ndiyo iliyowapeleka pembeni. Asilimia 95 ni sifa ya njia: ukiitumia mara nyingi, takriban mara 95 katika 100 itaushika ukweli. Kwa sampuli yangu ya Jumatano sijui kama mimi ni mmoja wa 37 au wa watatu. Najua tu kwamba njia niliyopita huwafikisha wengi.

Wala masafa hayo hayasemi kwamba asilimia 95 ya mifuko iko kati ya 4,973 na 4,997. Hesabu mwenyewe katika ile 12: iliyo ndani ni 5 tu. Masafa yanahusu wastani, si mfuko mmojammoja.

Kupima dai

Hapa kazi ni fupi, maana jasho lote limeshatoka. Wastani tuliopata uko gramu 15 chini ya dai. Je, 15 ni nyingi ukilinganisha na kuyumba kwa kawaida? Gawa kwa kosa sanifu: −15 ÷ 5.26 = −2.85. Wastani wetu uko karibu hatua tatu chini ya dai. Kwa jaribio la upande mmoja (chini ya dai tu), digrii 11 na kiwango cha 0.05, jedwali linaweka mpaka kwenye −1.796. Tumeuvuka. Nadharia tete sifuri inakataliwa.

Thamani ya p iko kati ya 0.005 na 0.01. Isome hivi: kama wastani wa kweli ungekuwa 5,000, kura ya mifuko 12 ingetoa upungufu wa kiasi hiki au zaidi chini ya mara moja katika 100. Usiisome kwamba kuna nafasi chini ya moja katika 100 ya dai kuwa kweli. Ni kauli mbili tofauti. Ya kwanza inaanza kwa kuliamini dai na kuuliza kuhusu vipimo. Ya pili inaanza na vipimo na kuuliza kuhusu dai, na p haijibu swali hilo.

Tulipokuwa tumefika mfuko wa tisa na kijana wetu ameshaona upepo unakoelekea, aliniambia kwa upole, "Mwalimu, tukiongeza mitano mingine si itapanda?" Nikamwonyesha ukurasa wa daftari: 12. Angekuwa anaona inazidi, asingependekeza kuongeza. Mtu anayepima huku akichungulia na kusimama pale matokeo yanapompendeza, ile 0.05 yake si 0.05 tena. Ndiyo maana tunaandika kabla.

Sasa, kukataa dai hakukuniambia kama upungufu ni mkubwa au mdogo. Masafa ndiyo yaliyoniambia: pengine gramu 3, pengine 27. Kwa 15, ni kama vijiko viwili vya unga kwa mfuko. Kwa mifuko 400 ni kilo 6 kwa siku ambazo watu wamelipia na hawakupewa. Pendekezo la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, namba R 87, kwa vifungashio vya gramu 1,000 hadi 10,000 linaruhusu mfuko mmoja upungue hadi asilimia 1.5, ambazo kwetu ni gramu 75. Hakuna hata mfuko mmoja wetu uliofika huko. Lakini pendekezo hilo hilo linautazama na wastani, na kwa jaribio letu wastani ndio ulioanguka. Ningetazama mfuko mmojammoja tu, ningesema tuko salama.

Baada ya kurekebisha

Chanzo tulikipata Alhamisi. Mzani wa kufungia ulirudishwa kwenye sifuri asubuhi, mara moja. Kisha vumbi la unga lilijikusanya kwenye sahani yake na pembeni siku nzima, likihesabiwa kama sehemu ya sembe ya mteja. Tuliweka utaratibu: kila mifuko 20, futa sahani, rudisha sifuri.

Wiki iliyofuata, kura nyingine ya mifuko 12. Wastani 4,996, mkengeuko sanifu 17, kosa sanifu 4.9. Gawa: −4 ÷ 4.9 ni −0.82, mbali na mpaka. Dai halikukataliwa. Kijana alifurahi, na mimi nilifurahi naye, lakini sikuandika "tatizo limekwisha". Masafa yalikuwa 4,985 hadi 5,007. Ndani yake imo 5,000, na imo 4,986 pia, ambayo ni karibu tulikotoka. Kushindwa kulikataa dai si kulithibitisha. Mifuko 12 ilikuwa haina macho ya kutosha kuona upungufu wa gramu 4 au 5. Watakwimu husema jaribio halina nguvu.

Nikajiuliza: nataka kukosea kwa gramu ngapi? Nikachagua 5. Chukua 2 (badala ya 1.96, kwa tahadhari), zidisha kwa mkengeuko wa 18, gawa kwa 5: ni 7.2. Zidisha kwa yenyewe: 51.84. Mifuko 52. Fomula hii ina gharama unayopaswa kuijua mapema: ukitaka upana ukatike nusu, mifuko ni mara nne.

Tulipima 52, kwa kura, kwa siku moja. Wastani 5,003, masafa 4,998 hadi 5,008. Nikayaandika kwenye kadi pamoja na tarehe, nikaibandika ukutani juu ya mzani. Kijana akaniuliza kwa nini nisiandike 5,003 tu, mbona ni fupi. Nikampa kalamu na ile ndoo ya karatasi, achomoe 12 mwenyewe na kupiga hesabu. Alichukua mchana mzima, akifuta na kurudia. Alipata 4,999.